Mama awekewe stenti ya utumbo au apasuliwe?

SWALI: Dokta, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Mbagala. Ana saratani ya utumbo mpana upande wa kushoto, imeshafika kwenye ini na tumeambiwa haiwezi kutolewa yote. Tangu juzi yuko wodini: tumbo limejaa kama ngoma, choo hakipiti, hata hewa haitoki, anatapika. Madaktari wanataka kumwekea stenti, yaani kiwavu cha chuma cha kufungua utumbo. Baba mdogo anakataa, anasema chuma hakitibu saratani, bora apasuliwe. Nani yuko sahihi? Na akiwekewa atakula nini? Anatamani kisamvu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza.

Baba mdogo ana haki kwa upande mmoja. Stenti haitibu saratani, inafungua njia tu. Lakini kisu nacho hakitaiondoa, kwa kuwa imeshafika kwenye ini. Kumpasua kwa dharura mama wa umri huo, tumbo limevimba na mwili umeishiwa nguvu, ni hatari zaidi, na mara nyingi anaamka akiwa na mfuko wa choo ubavuni. Mimi angekuwa mama yangu, na kuziba kuwe mahali pamoja tu, ningechagua stenti.

Kifaa chenyewe ni wavu wa nitinoli, madini ya nikeli na titani, uliosukwa kama dema la kuvulia samaki. Huingia umekunjwa, mwembamba kama mrija wa kalamu. Daktari hupitisha mpira wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa hadi kwenye uvimbe, anatanguliza waya mwembamba katika tundu lililobaki, na anafuata kwa picha ya eksirei. Ukiachiwa, wavu unatanuka taratibu, kwa siku moja hadi tatu, mpaka ufikie upana wa kidole gumba, milimita 22 hadi 25 hivi. Mara nyingine mgonjwa bado yuko kitandani mle chumbani, hewa na choo chepesi vinafoka, na tumbo unaliona likishuka. Nimeshuhudia mgonjwa akishusha pumzi ndefu, akaomba maji. Kwa mikono iliyozoea, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 stenti huingia vizuri.

Sasa muulize daktari: kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya tumbo, kinaonyesha kuziba mahali pamoja au pengi? Hili ndilo linaloamua. Saratani ikiwa imetapakaa kwenye utando wa tumbo na kubana utumbo sehemu nyingi, stenti moja haisaidii. Hapo hutumika mpira wa puani wa kutoa maji ya tumboni, na dawa za kupunguza maji ya utumbo, kutapika na maumivu. Uvimbe ulio karibu sana na tundu la haja kubwa nao haufai, maana stenti itamuumiza na choo kitamtoka bila kujizuia. Na kama utumbo umeshatoboka, stenti haiwekwi kabisa.

Madhara yapo. Takriban wagonjwa 5 kwa 100 hutoboka utumbo. Stenti inaweza kuhama, au saratani ikaota kupitia matundu ya wavu na kuziba tena baada ya miezi. Mara nyingi huwezekana kuweka nyingine ndani yake. Akianza tibakemikali, yaani dawa za saratani, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, waambieni mapema kwamba ana stenti, kwa sababu dawa iitwayo bevacizumab huongeza hatari ya kutoboka. Maumivu makali ya ghafla, tumbo kuwa gumu kama ubao, au homa: mpelekeni hospitali usiku huohuo, msingoje kukuche.

Akipewa mofini, dawa ya maumivu makali, asikose dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga choo. Choo kigumu ni adui wa stenti.

Chakula kianze kwa maji na uji mwepesi, daktari akiruhusu. Baadaye wali bokoboko, mayai, ndizi mbivu, viazi vya kuponda. Kisamvu hapana, hata kikitwangwa vipi, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye wavu. Matembele, mahindi ya kuchoma, korosho na maembe ya nyuzi, vivyo hivyo. Najua ni tui la nazi analolitamani zaidi. Mpikie changu wa nazi, umchambulie miiba yote kwa mkono wako, ale kidogokidogo mara tano au sita kwa siku.