Barua kwa mwanangu: mkeka wa shangazi yako

Mwanangu,

Mimi mzima, ni mgongo tu unaonikumbusha umri. Juzi kwenye simu uliponiuliza lile swali nikakwambia nitakuandikia, ukacheka, ukadhani nakukwepa. Ulisema huko kazini kwenu Dar mnabishana: ikifika siku mashine zinafanya kila kazi, vitu vimejaa na hakuna anayehangaika kuvipata, mkeka wa mkono kama wangu utakuwa na thamani gani tena?

Siku hiyo mimi nimeshaionja. Si yote, kipande chake.

Mwaka 1983, wakati serikali ikiwasaka wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliana. Tulifulia majani ya mpapai. Ikisikika khanga imeingia duka la ushirika, unakwenda usiku na jiwe lako, unaliweka kwenye foleni likushikie nafasi, alfajiri unarudi kugombana na wenye mawe mengine. Siku hizo mkeka wangu mmoja niliubadilisha kwa miche mitatu ya sabuni na sukari kidogo, na aliyeuchukua akaondoka mbio asije akaambiwa arudishe. Hakuna aliyeniuliza thamani yake.

Akaingia Mzee Mwinyi Ikulu 1985, ikawa ruksa kuleta bidhaa. Ngamiani, hapa Tanga, maduka yakajaa mpaka vitu vikamwagika barazani. Mitumba ikaja, tukavaa. Halafu ikaja mikeka ya plastiki, imekunjwa imesimamishwa milangoni pa maduka kama askari, ina rangi za kasuku. Unapitisha kitambaa cha maji, basi, safi.

Babu yako yalimkuta mapema kuliko mimi. Alipokuwa kijana shambani, mkonge wetu ulikuwa wa kwanza duniani, miaka ya 1960 mwanzoni ulipita tani 200,000 kwa mwaka, na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, haikulala. Ikaja kamba ya nailoni, mkonge ukaanguka. Unakumbuka alivyokuwa akifunga kuni? Anahesabu, akifika 30 anafunga tita. Majani ya mkonge yalihesabiwa hivyo, na hakuacha mpaka anakufa. Ulidhani ni uzee.

Sasa nikueleze la shangazi yako, maana sijawahi kukueleza lote.

Alipoolewa Pangani, 1991, wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Nilimsukia mkeka, miezi mitatu. Nilichagua majani ya mkindu, ukindu mchanga usiofunguka, nikauanika ukawa mweupe, nikauchana chane nyembamba, nikazichemsha kwenye lile sufuria bovu, nyekundu siku yake, kijani siku yake na zambarau siku yake. Nilisuka alfajiri umande ungalipo, kwa sababu jua likipanda chane inakauka, inakatika, na inapokatika inaondoka na ngozi ya kidole. Wiki ya pili, ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, umeshafika mrefu, nikaona chane moja ya kijani imeingia pa nyekundu. Ungeutazama mchana kweupe usingeiona. Nilifumua pima mbili. Baba yako, Mungu amrehemu, akaniuliza, "Nani ataona?" Nikamwambia kitu cha mkono kina mwenyewe. Akanyamaza, akaenda kunywa kahawa yake.

Baada ya miezi minne nikaenda kumtazama bibi harusi. Barazani pametandikwa plastiki, jipya, lina picha ya tausi. "Karibu wifi." "Starehe." Nikakaa juu ya tausi. Nikatoka uani kunawa mikono, nikaukuta mkeka wangu umetandazwa juani, umeanikiwa dagaa.

Dagaa, mwanangu. Na harufu ile kwenye ukindu haitoki, uoshe utakavyoosha.

Sikusema kitu. Nilirudi ndani, nikala wali wake, nikausifia nazi. Kwenye basi la kurudi Tanga nikalia, nikamwambia konda ni vumbi.

Utasema, kama ulivyosema siku ile kwa jambo jingine, kwamba nimekaa na kinyongo muda mrefu. Haya. Mkeka ulikuwa wake, mtu akishapewa kapewa. Na dagaa lazima waanikwe kwenye kitu. Alikuwa binti wa miaka 20, ametoka kwenye nyumba ya kukalia mikeka ya ukindu maisha yake yote, kwake kizuri ni kile kisichofanana na kwao. Hata mimi ningekuwa na umri wake sijui. Tena nikwambie ukweli: chumbani kwangu hivi sasa kuna plastiki mbili. Magoti yangu hayajali.

Na nani kakwambia mikeka mingine niliisuka kwa mapenzi? Nilisuka ada yako ya sekondari. Nilisuka viatu, nilisuka dawa za baba yako. Mtu angekuja na ada mkononi akaniambia pumzika, ningeutupa ule ukindu siku hiyo hiyo nikalala mpaka adhuhuri. Kwa hiyo hizo mashine zenu zikija, vitu vikawa bwerere, mikeka ya ada itakufa, wala sitailia. Ila wale kina mama wanaokaa sokoni na mikeka miwili mitatu mbele yao, hao mashine haitawauliza wamekula nini, na nyinyi mnaobishana ofisini sikukusikia ukiwataja. Hilo ulitilie maanani kwanza, ndipo uje kwenye thamani.

Lakini ule mmoja, wa shangazi yako, huo ningeusuka tu. Hata kama ada ingekuwa bure na sabuni inaokotwa barabarani. Ndipo ninapokwama. Mashine itasuka bila kukosea kijani, nakubali, na itamaliza kabla chai haijapoa. Ila haina wa kumfumulia. Kitu cha mkono kina mwenyewe, ndivyo nilivyomwambia baba yako, na ukija kuniuliza kama mwenyewe naye lazima ajijue, hapo sina jibu, maana mwenyewe alianika dagaa. Nina neno moja mdomoni kuhusu hilo, ila nalimeza, nisije nikamhukumu mtu kwa jambo la mwaka 1991.

Wiki jana kapiga simu, huyo huyo. Anamwoza bintiye wa mwisho baada ya Iddi. Anataka mkeka. "Ule wa mkono, wifi, kama ule ulionisukia mimi, bei taja wewe." Kama ule ulionisukia mimi! Nikamwambia macho yangu hayaoni vizuri, nitamjibu.

Sijamjibu. Bintiye namjua, ndiye yule aliyekaa nami siku tatu wakati wa msiba wa baba yako, akiosha vyombo bila kuambiwa. Ukindu uko juu ya paa tangu Jumatatu, leo umeanza kuwa mweupe.

Ukija, pita Kariakoo uniletee rangi ya zambarau. Hii ya sokoni hapa inachuja.

Mama yako