Simsim ya Busia na cheti cha asili

SWALI: Nauza simsim na njugu karanga Kibuye, Kisumu. Mzigo nautoa Uganda kupitia Busia, magunia manne matano hivi. Juzi dalali amenitoza pesa akisema ni ushuru wa forodha. Ni haki? – Mama Njugu

JIBU: Mama, pole sana. Si haki. Mazao yaliyolimwa Uganda huingia Kenya bila ushuru wa forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliuondoa kabisa mwaka 2010. Kinachotakiwa ni kuthibitisha yalikolimwa. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa zilizokubaliwa na nchi hizo, hupewa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani. Nenda dirisha la forodha mwenyewe! Nimekulia karibu na mpaka huo, nikimwona mama yangu akiacha faida yote mikononi mwa wajaza fomu, na hadi leo inaniuma.

Ukaguzi wa mazao, hasa sumukuvu (sumu ya ukungu, aflatoxin) kwenye njugu, uko palepale. Na usichanganye na mchele wa Pakistan: hata ukifungwa upya Kampala, asili yake haibadiliki, ushuru unalipwa. Ukiombwa pesa yoyote, dai risiti ya serikali kwanza.