Miwani haimzuii mtu kuwa rubani

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 20, nipo Morogoro, navaa miwani ya kuona mbali tangu kidato cha pili. Nataka kusomea urubani wa biashara. Dalali mmoja anasema hakuna rubani wa miwani. Ananiuzia matone ya kurudisha macho, na yakishindikana atanitafutia cheti cha afya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usimpe hata shilingi.

Kanuni za kimataifa za leseni za marubani zinataka kila jicho lifikie 6/9 likipimwa peke yake (yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9), na yote mawili pamoja 6/6, sawa na jicho zima, miwani ikiwa usoni. Ukifikia hapo, cheti chako cha afya cha daraja la kwanza, kile cha marubani wa biashara, kitaandikwa sharti: urushe ndege ukiwa umeivaa, na uwe na miwani ya akiba karibu nawe. Basi.

Hayo matone yananikera kuliko yote. Asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake limerefuka kidogo, picha ikaishia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Tone gani litalifupisha jicho? Nimepokea vijana waliokuja kwangu wamekariri herufi za ubaoni, wengine wamevaa lenzi kwa siri, wakihangaika kuficha kitu ambacho wangekisema tu wangepita.

Ambalo hukuniuliza ni rangi, nalo lina uzito zaidi. Taa ya bawa la kushoto ni nyekundu, la kulia ni kijani. Usiku, rangi hizo ndizo zinazokuonyesha ndege nyingine imeelekea wapi. Asiyezitofautisha amezaliwa hivyo mara nyingi, na miwani ya kawaida haimsaidii. Kwa hiyo pimwa kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ndipo ulipe ada ya chuo. Wazazi wengi huuza kiwanja kwanza, kipimo baadaye.

Na hicho cheti cha kutafutiwa: kwa umri wako kinadumu miezi 12 tu. Utakinunua kila mwaka? Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, ambaye madaktari walishamwandikia kwamba hafai kuwa kazini aliificha karatasi hiyo, akaingia kazini, akaiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps, Ufaransa. Walikufa watu 150, yeye akiwemo. Ndiyo maana mzazi anayenijia na bahasha ili mwanawe apite, naye humpenda mwanawe, namrudisha nayo mlangoni.