Nani asaini cheti cha usanifu wa kengele za moto?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi umeme hapa Mwanza, nina leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Nimepata kazi chini ya mkandarasi mkubwa: kufunga kengele za moto, kamera na milango ya kadi kwenye hoteli ya ghorofa nne. Mshauri ameandika kwenye mkataba kwamba mfumo wa moto ufuate BS 5839-1, kundi L2, na kwamba nikimaliza nikabidhi vyeti vya usanifu, ufungaji na majaribio. Michoro niliyopewa ina alama za vitambua moshi tu, hakuna hesabu yoyote. Mkandarasi anasema nisaini vyote vitatu, eti ni fomu tu. Je, leseni yangu inaniruhusu? Na nyaraka gani natakiwa kuwa nazo?

JIBU: Marahaba. Cheti cha usanifu usikisaini kwa sasa. Usanifu huo hukuufanya wewe, na kwa maelezo yako hakuna aliyeumaliza.

BS 5839-1 ni kiwango cha Uingereza ambacho washauri wa kwetu hukitaja sana kwenye mikataba, na vyeti vyake vimetenganishwa kwa makusudi. Anayesaini usanifu anatamka kwamba yeye ndiye aliyeamua kitambuzi kipi kikae wapi, sauti ifike kiasi gani, betri iwe kubwa kiasi gani, na kwamba maamuzi hayo yanatimiza kiwango. Anayesaini ufungaji anatamka kwamba amefunga kama michoro ilivyoelekeza na waya zimepimwa. Anayewasha na kujaribu anathibitisha kuwa kilichofungwa kinafanya kazi inavyotakiwa, bila kubeba dhamana ya usanifu wa mwingine. Mwisho mwenye jengo anasaini kupokea. Mtu mmoja anaweza kusaini vyote, mradi kweli kazi zote amezifanya yeye.

Leseni yako ya EWURA inahusu kazi za ufungaji wa umeme. Inakutosha kwa njia ya umeme inayolisha paneli, yaani sanduku linaloongoza kengele, lakini haikufanyi msanifu wa kengele za moto. Usajili wa kampuni kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi nao unahusu haki ya kuchukua kazi za ujenzi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria yake ya 2007, linakagua majengo na kutoa cheti cha usalama dhidi ya moto, na hicho kinamhusu mwenye hoteli. Ukisoma kozi ya mtengenezaji wa paneli, unathibitishwa kuijua paneli ile. Hata huko Uingereza mambo haya hayachanganywi: mpango wa BAFE SP203-1 unathibitisha kampuni kwa sehemu nne, yaani usanifu, ufungaji, uwashaji na matengenezo, na kampuni inaweza kuwa na ufungaji bila kuwa na usanifu. Marekani wao, kupitia NICET, taasisi inayothibitisha mafundi, humpima mtu binafsi kwa ngazi nne. Ukitaka kukua katika fani hii, ngazi hizo ni dira nzuri ya kujua usome nini.

Sasa nyaraka. Anza na hilo L2, kwa sababu hapo ndipo michoro yako inapopwaya. Kundi L3 linalinda njia za kutokea na vyumba vinavyofungukia njia hizo. L2 ni L3 pamoja na maeneo mengine ambayo msanifu ameyataja kuwa na hatari kubwa. Kwa hiyo "L2" bila orodha ya maeneo hayo haijakamilika. Je, ni jikoni, dobi, stoo ya magodoro, chumba cha jenereta? Lazima iandikwe. Uliza pia ni toleo la mwaka gani, maana la 2025 limebadilisha mambo kadhaa kutoka lile la 2017, na kwa hoteli badiliko kubwa ni la vyumba vya kulala: kitambua joto hakikubaliki tena humo kwa mifumo ya L2 na L3. Mchoro wa zoni, yaani maeneo jengo lilivyogawanywa, ukutani kando ya paneli nao, kwa jengo wanakolala watu, hauachwi kwa makubaliano yoyote.

Nafasi za vitambuzi hazina ugumu: kwenye dari bapa, hakuna sehemu inayopaswa kuwa zaidi ya mita 7.5 kutoka kitambua moshi, au mita 5.3 kutoka kitambua joto. Vitufe vya kuvunja kioo vikae kwenye milango ya kutokea, na mtu asitembee zaidi ya mita 45 kukifikia.

Sauti ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwenye kazi yako. Mahali pa kulala, kiwango kinataka desibeli 75, yaani 75 dB(A), pale kwenye mto, mlango ukiwa umefungwa. Michoro mingi ya hoteli huweka ving'ora kwenye korido peke yake. Piga hesabu: king'ora cha 100 dB kwa mita moja hupoteza 6 dB kila umbali unapozidi mara mbili, hivyo kwenye mita 4 kimebaki na 88. Mlango wa kawaida unakula kama 20, mlango wa kuzuia moto kama 30. Mgeni aliyelala anabaki na 68, au 58. Haamki. Mara nyingi jibu ni kuweka king'ora ndani ya kila chumba, kwa kawaida kwenye kitako cha kitambuzi chenyewe.

Ukishaongeza ving'ora, betri inabadilika, na ndiyo maana hesabu zinatangulia manunuzi. Kiwango kinataka saa 24 za kusubiri bila umeme, kisha nusu saa ya kulia. Tuseme paneli na vifaa vinavuta ampea 0.25 vikiwa vimetulia: mara saa 24 ni ampea-saa (Ah) 6. Vikilia vinavuta 1.2: mara nusu saa ni 0.6, zidisha kwa 1.75 kwa kuwa betri hupungua uwezo ikivutwa kwa nguvu, unapata 1.05. Jumla 7.05. Zidisha kwa 1.25 kufidia uchakavu: 8.8. Betri ya 7 Ah ambayo duka lolote litakuuzia haitoshi. Chukua 12 Ah, mbili kwa mfululizo, kwa mfumo wa volti 24. Usikubali kuambiwa jenereta ipo, kama inawashwa kwa mkono na mlinzi mwenye ufunguo hayupo.

Waya uwe wa kustahimili moto, ushikiliwe kwa klipu za chuma. Klipu za plastiki zinayeyuka, waya unaanguka na kuwanasa askari wa zimamoto waliomo ndani. Hili ni la ufungaji, linakuhusu wewe moja kwa moja.

Milango ya kadi ndipo mfumo wa ulinzi unapokutana na wa moto, na hapo panahitaji jedwali la chanzo na matokeo: kitambuzi fulani kikishika, mlango gani unafunguka, lifti inakwenda wapi, feni gani inazima. Kufuli ya sumaku kwenye njia ya kutokea iachie kengele ikilia, na iachie pia umeme ukikatika. Jaribu kila mstari wa jedwali, uandike tarehe. Kuhusu kamera, mkumbushe mwenye hoteli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa yeye anayezitunza picha.

Mkitofautiana na kiwango mahali fulani, si kosa lenyewe. Tofauti iandikwe pamoja na sababu yake, ikubaliwe na mshauri, mwenye jengo na wengine wanaohusika, kisha iingie kwenye cheti. Tofauti isiyoandikwa itahesabiwa kuwa uzembe wa aliyesaini.

Leo hii mwandikie mkandarasi, kwa barua au baruapepe, si kwa simu. Omba toleo la kiwango, orodha ya maeneo ya L2, hesabu za sauti na betri, jedwali la chanzo na matokeo, na jina la aliyesanifu. Kama mshauri anataka wewe usanifu, hiyo ni kazi nyingine yenye bei yake, na kama hujawahi kuifanya tafuta mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, mwenye uzoefu wa kengele za moto, mgawane malipo, yeye asaini. Usivute waya wa ghorofa ya kwanza kabla ya majibu, kwa sababu ving'ora vya vyumbani vikiongezwa baada ya plasta, gharama ya kuchimba kuta watakubebesha wewe. Mwisho wa kazi saini cheti cha ufungaji, utaje namba na tarehe ya kila mchoro uliofuata, na uambatishe vipimo vya waya na michoro ya kazi kama ilivyofungwa. Cha majaribio kisaini ikiwa umekijaribu kila kifaa kwa mkono wako.