Uliyemaliza UCLAS 2003: mchango wako wa mhitimu ni wa Mlimani au wa Ardhi?

Kote ni kwako, kaka. UCLAS, chuo cha masomo ya ardhi na usanifu majengo, ilikuwa chuo kishiriki cha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia 1996, ikawa Chuo Kikuu Ardhi 2007. Shahada yako ilitolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, soma juu ya cheti utaona. Sisi wa Muhimbili enzi za MUCHS, chuo kishiriki cha Mlimani cha sayansi za afya, tuko vilevile.

Ila kama lengo ni kuwabeba vijana wanaosoma fani yako, peleka Ardhi, pale eneo la Survey. Studio mlizokeshea na michoro ziko huko, si Mlimani. Na omba namba ya kumbukumbu ya malipo kutoka ofisi ya uhasibu ya chuo. Hela ya kutuma kwenye simu ya mweka hazina wa kundi la WhatsApp, mmh, hiyo sikushauri.