Kuishi Ndani ya Gari Leonidio: Salamu Kwanza, Kamba Baadaye

Tangu nirejee Sinza, vijana kadhaa wameniuliza namna ya kuishi ndani ya gari huku wakipanda majabali ughaibuni, na karibu wote huanza na kamba na viatu. Kamba ya mita 80 inatosha, hilo limekwisha. Kinachohitaji maandalizi ni kuishi na wenyeji.

Nilikaa Leonidio, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Peloponnese nchini Ugiriki, chini ya kuta nyekundu za mawe ya chokaa, ambako wapandaji hufika majira ya baridi kukwepa jua kali la kiangazi. Gari nililokodi lilikuwa kama vipanya vyetu vya zamani, lenye godoro, jiko la gesi la plati moja na madumu mawili ya lita 20. Maji hayakunisumbua, kwa kuwa aliyezoea mgao wa Dar es Salaam anajua kuoga kwa lita tano na kubakiza ya vyombo. Kilichonisumbua ni mahali pa kuegesha. Sheria ya Ugiriki inakataza kupiga kambi nje ya maeneo yaliyotengwa, nami, kwa ubahili tu, nikalala siku za mwanzo kwenye njia ya shamba. Kumbe ulikuwa msimu wa kuvuna zeituni. Alfajiri moja kioo kiligongwa: mzee mwenye shamba alikuwa amesimama na mkewe, nyavu za kutandika chini ya miti zimejaa nyuma ya pikapu yao, na gari langu limeziba njia. Hakufoka. Aliitazama miguu yangu peku, akangoja. Afadhali angenitukana.

Siku hiyo hiyo nilihamia kambini, na alasiri nikarudi kuomba radhi. Nikakabidhiwa ncha ya wavu, nikauburuta hadi giza lilipoingia. Tangu hapo mkahawani nilisalimiwa kwa jina.

Kwa hiyo lipia kambi tangu usiku wa kwanza, nunua mkate na mboga kwa wenyeji, usimwage maji ya vyombo barabarani, wala usipige muziki mchana watu wanapojipumzisha. Jifunze salamu. Lipo bango mjini linalosema kwamba lugha yao ni Kitsakonia na kwamba ukiuliza utaambiwa. Basi uliza kweli, maana lugha hiyo, yenye asili ya Kidori, lahaja ya Kigiriki cha kale, imebaki zaidi kwa wazee, na wale niliowauliza walifurahi kuliko nilipowasimulia habari za majabali.

Hesabu pia siku zako. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwamo, haikupi zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku za kuingia na kutoka zote huhesabiwa. Mimi niliingia mwanzoni mwa Novemba, nikapoteza wiki mbili Athens nikitafuta gari la bei nafuu, na mwishoni mwa Januari nikalazimika kuaga, wakati ndio kwanza mzee yule alikuwa ameanza kunifundisha kupogoa.