Kutembea na kundi Melbourne: fuateni Merri Creek

Kundi la watu kumi na kitu, watoto ndani, hakuna gari? Mimi ningechagua njia inayofuata kijito cha Merri Creek bila kusita. Shukeni treni Victoria Park, mtembee hadi maporomoko ya Dights Falls, pale kijito kinapomwaga maji yake mto Yarra, kisha mkifuate kuelekea kaskazini mpaka ziwa la Coburg. Kwa mwendo wa watoto hiyo ni siku nzima. Pumzikeni CERES, kituo cha mazingira kilichoko Brunswick East: kuna mkahawa, bustani na vyoo. Pale palikuwa jalala kabla wenyeji hawajaanza kupafufua mwaka 1982, huwezi kuamini ukipaona. Coburg kuna nyasi za kukalia na majiko ya kuchomea nyama, na kituo cha Batman hakiko mbali.

Kinachonitia wasiwasi ni baiskeli. Njia ni ya wote na wengine hupita kasi kweli, kwa hiyo kaeni kushoto, msijipange safu mkipiga soga. Wakati wa joto watoto wasiingie majani marefu; nyoka wenye sumu wapo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, ahirisheni, sehemu za chini hufurika. Atakayechoka mapema apandie treni kituo cha Rushall, kando ya njia.